Acha Kumfuata, Mkatie Njia: Miguu ya Kumbana Bondia Anayezunguka Ulingoni

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni bondia wa ridhaa wa uzito wa kilo 60, ninasimama mguu wa kushoto mbele. Mapambano yangu mawili ya mwisho nimeshindwa kwa pointi na watu ambao ngumi zao hata hazikuniuma. Wanadokoa, wanaondoka, wanazunguka kamba kwa kamba, nami ninawafuata huku kona yangu, yaani kocha na wasaidizi wake, ikinipigia kelele niwafuate zaidi, mpaka raundi ya tatu pumzi imekwisha na sijapiga ngumi ya maana. Klabuni hatuna ulingo, tunafanyia mazoezi kwenye sakafu ya saruji. Nifanye nini na miguu yangu?"

Marahaba, kijana wangu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu tatizo lako linawapotezea mapambano mabondia wengi wenye nguvu, pumzi na moyo wa kupigana, ambao hawajapungukiwa na kitu kingine isipokuwa mafunzo ya miguu. Agizo la kumfuata ndilo linalokuponza. Bondia anayemfuata mwenzake huenda mahali ambapo mwenzake alikuwa muda mfupi uliopita, na mguu wake unapotua, mpinzani ameshahama. Anafuata tena, anachelewa tena, na kila anapochelewa anapokea jabu, yaani ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele, usoni kwa sababu amekuja na kifua wazi akiwa katikati ya hatua. Unachotakiwa ni kutembea kuelekea mahali atakapopita, na kufika hapo ukiwa umesimama sawasawa, tayari kupiga. Mengine yote nitakayokueleza yanatokana na hilo.

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii ikishakuingia akilini itautuliza na mwili. Ulingo wa kawaida wa ngumi za ridhaa una mita 6.1 kila upande ndani ya kamba, kwa hiyo kutoka katikati hadi kamba ni kama mita 3. Tuseme mpinzani wako anazunguka akiwa mita 2.4 kutoka katikati, yaani ameacha nafasi ndogo tu mgongoni ili asiguse kamba. Wewe ukikaa mita 1.2 kutoka katikati, kwenye mstari unaotoka katikati ya ulingo hadi kifuani kwake, basi kila anapozunguka robo ya duara anatembea karibu mita 3.8, nawe unahitaji mita 1.9 tu ili uendelee kuwa mbele yake. Akimaliza duara zima ametembea kama mita 15, wewe kama mita saba na nusu. Miguu yake inafanya kazi mara mbili ya miguu yako, na faida hiyo hukuinunua kwa kasi wala kwa nguvu, umeipata kwa kukaa mahali panapofaa. Ukiacha katikati na kuingia katika nyayo zake, unaitupa faida yote: unatembea umbali uleule anaotembea yeye, daima uko nyuma yake kwa hatua moja, na yeye ndiye anayechagua wapi mtageukia. Aliyekulia kwenye nyumba yenye kuku anajua kwamba anayemkimbiza kuku kwa nyuma atauzunguka ua mzima akihema, ilhali anayetembea polepole akiwa ametanua mikono na kumpunguzia nafasi kidogo kidogo humkuta ukutani bila kutoka jasho.

Kwa sababu hiyohiyo, uliza mapema ukubwa wa ulingo mtakaopigania, hasa ukija kuingia ngumi za kulipwa, ambako upande mmoja unaweza kuwa na urefu wa karibu mita 4.9 au ukafika mita 7.3. Ulingo wa mita 4.9 una eneo la mita za mraba 24. Ule wa mita 6.1 una 37. Mtu anayekutoroka kwa urahisi kwenye ulingo wa pili anaweza kukosa pa kupita kwenye ule wa kwanza, na mpango wako wa raundi ya kwanza ni lazima uujue ukweli huo kabla kengele haijalia.

Sasa tuje kwenye hatua zenyewe. Mguu ulio upande unaokwenda ndio unaotangulia: ukienda kushoto, mguu wa kushoto unatoka kwanza na wa kulia unafuata kwa umbali uleule, ukienda kulia, wa kulia unatangulia. Miguu haipishani kamwe, wala haikutani, kwa sababu bondia aliyekutanisha visigino hana tofauti na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, na hata ngumi nyepesi itamyumbisha. Hatua ziwe fupi, za upana wa unyayo au pungufu, na ziwe nyingi. Hapa ndipo mabondia wenye haraka wanapokosea sana, kwa kuwa hatua ndefu moja inaonekana kumfikisha mtu karibu zaidi kuliko hatua fupi mbili, lakini ndani ya hatua ndefu kuna muda ambao huwezi kupiga, huwezi kukwepa na huwezi kubadili mwelekeo, na mpinzani mzoefu wa kuzunguka anausubiri muda huo tu. Hatua fupi inakuacha tayari wakati wote. Mwelekeo wake nao si wa mbele moja kwa moja wala wa pembeni moja kwa moja, ni wa mshazari, nusu mbele na nusu upande, ili kila anaposogea upande apungukiwe na njia na wakati huohuo apungukiwe na umbali. Ukienda upande bila kwenda mbele mtazunguka pamoja hadi kengele. Ukienda mbele bila kwenda upande ataondoka.

Kwa kuwa unasimama mguu wa kushoto mbele, mpinzani anayesimama kama wewe ana njia mbili za kutorokea, na kila moja ina jibu lake. Akienda kushoto kwake, anaelekea kulia kwako, yaani anatembea kuufuata mkono wako wa nguvu. Piga hatua ya mshazari kwa mguu wa kulia, lete wa kushoto, na mkono wa kulia uende moja kwa moja kifuani au ubavuni wakati anapita. Akienda kulia kwake, anaukimbia mkono wako wa kulia lakini anaifuata ngumi ya kupinda ya kushoto. Hapo mguu wa kushoto unatangulia kwa mshazari, na ngumi ya kushoto inamngoja njiani, juu au ubavuni. Ngumi hizi usizitume kumtafuta pale aliposimama. Zitume mahali mwili wake unapokwenda, ili mwendo wake mwenyewe uongeze uzito wa pigo. Mpinzani wa mkono wa kushoto anayesimama mguu wa kulia mbele mara nyingi atapenda kwenda kulia kwake ili auepuke mkono wako wa kulia, na dawa yake ni kuuweka mguu wako wa kushoto nje ya mguu wake wa mbele na kuulinda mstari huo kwa wivu, maana ukiuachia tu mguu wake ukawa nje ya wako, yeye ndiye anayekukatia njia.

Utajuaje anakokwenda kabla hajaenda? Kwa kumzuga. Mtu anayetegemea miguu yake ana woga wa ngumi usiozimika, ndiyo maana anaondoka, na woga huo unamfanya ajibu hata ngumi isiyokuja. Tikisa bega, kanyaga kidogo kwa mguu wa mbele kana kwamba unaingia, dondosha mkono wa kushoto kana kwamba unatafuta tumbo, kisha tulia na utazame. Ataondoka upande fulani. Zuga mara ya pili na ya tatu, utaona upande uleule unarudiwa, kwa kuwa karibu kila bondia ana upande mmoja anaoupenda anapoogopa. Katika ngumi za ridhaa una raundi tatu za dakika tatu tu, kwa hiyo kazi hii ya kumsoma haiwezi kukuchukulia zaidi ya dakika ya kwanza. Baada ya hapo, unazuga ngumi ya upande mmoja ili kumsukuma aende upande wa pili, ambako miguu yako imeshaanza kufika. Na kuna nafasi moja ambayo ningependa uizoee kuliko zote: pale anapoona njia imefungwa na kugeuza mwelekeo. Ili mtu anayekwenda kulia aanze kwenda kushoto, lazima asimame kwa muda mfupi mno, uzito wake wote ukiwa juu ya mguu mmoja. Hapo hawezi kuondoka. Bondia anayejua kukata njia hapigi ovyo wakati mpinzani anakimbia, anamlazimisha ageuze na kumpiga wakati anageuza.

Mfano mkubwa wa kazi hii, na pia wa mipaka yake, ulitokea Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman alipopigana na Muhammad Ali. Watu wengi hukumbuka kwamba Ali aliegemea kamba na kumchosha Foreman, lakini hawajiulizi ni kwa nini bondia mwepesi wa miguu kuliko wazito wote wa zama zake alichagua kusimama kwenye kamba. Sababu ni kwamba Foreman alikuwa anajua kukata njia. Alikuwa hajashindwa katika mapambano 40, alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton katika raundi ya pili kila mmoja, na katika kambi yake walikuwepo Archie Moore na Sandy Saddler, wazee wawili waliolijua jambo hili kwa undani. Saddler ndiye aliyepigana mara nne na Willie Pep kati ya mwaka 1948 na 1951, na kumshinda mara tatu, ingawa Pep anahesabiwa miongoni mwa mabondia wagumu kuguswa kuliko wote katika historia ya mchezo huu. Katika raundi ya kwanza kule Kinshasa, kila Ali alipojaribu kuzunguka, Foreman alipiga hatua ya pembeni, mikono mbele, akawa ameshaziba njia. Ali mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijikuta akipiga hatua nyingi kuliko za Foreman, na akaona kwamba kwa mwendo huo miguu yake isingefika mwisho wa pambano la raundi 15. Hesabu ile niliyokupigia hapo juu ndiyo iliyomtoa Ali katikati ya ulingo.

Nusu ya kwanza ya kazi, basi, Foreman aliifanya vizuri kupita kiasi. Nusu ya pili ndiyo iliyomshinda. Baada ya kumfikisha mpinzani kwenye kamba, alirusha ngumi nzito za kuzunguka, moja baada ya nyingine, nyingi zikitua kwenye mikono na viwiko, raundi baada ya raundi, katika joto la Kinshasa, huku Ali akimkandamiza shingo kila walipokaribiana na kumjibu kwa ngumi za haraka zilizonyooka. Katika raundi ya nane Foreman hakuwa na kitu tena, akaangushwa na kuhesabiwa. Ninakusimulia haya kwa sababu mabondia wengi wakishajifunza kukata njia huangukia shimo hilihili. Wamehangaika kumpata mtu, na wakimpata wanataka kumlipa hasira zote kwa mara moja. Kumfikisha mtu kwenye kamba kunakupa nafasi ya kufanya kazi, na kazi hiyo inafanywa kwa kipimo: ngumi tatu au nne zilizochaguliwa, pumzi, nusu hatua ya kurekebisha miguu, kisha tena.

Umbali unaosimama mbele ya mtu aliye kwenye kona ni jambo ambalo sijaona likifundishwa vya kutosha. Hamu yako itakuambia umkaribie mpaka vifua vigusane, na hilo ndilo analolitaka, kwa sababu ukiwa karibu hivyo atakukumbatia mpaka refa awaachanishe, au atakushika bega na kujizungusha juu ya mguu wake wa mbele, na ghafla utajikuta wewe ndiye uliye kwenye kona. Simama pale ambapo jabu yako inamfikia bila kunyoosha kiuno, magoti yamekunjwa kidogo, na usisimame katikati kabisa ya kona. Sogea nusu unyayo kuelekea upande anaoupenda kutorokea, ili upande huo uonekane umefungwa na ule wa pili uonekane wazi. Ule wa pili hukuuacha kwa kusahau. Umeuacha kwa sababu ngumi yako bora inaulinda. Mtu asiyeona njia yoyote hujifunika na kukumbatia, lakini mtu anayeona njia moja ataijaribu, naye akiijaribu anakuletea mbavu. Na kila mfululizo wa ngumi unaopiga hapo umalizikie kwa ngumi ya upande anaotaka kutokea, hata kama ngumi hiyo ni nyepesi, kwa sababu kazi yake ni kumrudisha.

Kuhusu mahali pa kupiga, kichwa ndicho chepesi kuliko viungo vyote, kinaweza kuhama bila miguu kuhama, na bondia anayezunguka amejizoeza kukihamisha tangu siku ya kwanza. Kiwiliwili kinasubiri miguu. Piga jabu ya kifua na ya chembe ya moyo, piga bega la mbele, piga mbavu chini ya kiwiko, na usivunjike moyo nusu yake ikikingwa, kwa kuwa hata ngumi inayotua begani inaisimamisha miguu kwa muda mfupi, na muda huo ndio uliokuwa unautafuta tangu mwanzo. Frazier alimpiga Ali namna hiyo tarehe 8 Machi 1971 kule Madison Square Garden: aliingia chini kwa chini, kichwa kikiwa hakitulii, akapiga mwili kwa bidii, na Ali ambaye miguu yake ilikuwa imepungua kasi akawa anarudi kwenye kamba mara kwa mara, hadi ngumi ya kupinda ya kushoto ikamwangusha katika raundi ya 15. Refa na majaji wote wawili walimpa Frazier ushindi. Karibu na zama zetu, Saúl Álvarez alipokutana na Erislandy Lara mwezi Julai 2014, Lara akizunguka kwa ufundi mkubwa wa Kikuba, ngumi za mwili ndizo zilizomweka Álvarez ndani ya pambano, akashinda kwa uamuzi wa majaji waliogawanyika ambao hadi leo watu wanaubishania. Mwezi Mei 2021 Billy Joe Saunders alimsumbua kwa raundi kadhaa kwa kuinama na kuhama, lakini Álvarez aliendelea kusoma kule kuinama, na katika raundi ya nane ngumi ya kulia iliyopanda kutoka chini ilimkuta Saunders anashuka, ikamvunja mfupa wa kuzunguka jicho, na kona yake ikakataa kumrudisha kwa raundi ya tisa.

Hata hivyo ngumi za kupiga mikono inayojikinga zina kikomo, na ni haki nikwambie. Mwezi Mei 2022 Álvarez huyohuyo alipiga sana mikono ya Dmitry Bivol, akitumaini itachoka, lakini Bivol hakuwa akikimbia. Alikuwa anarudi nusu hatua na papo hapo anajibu kwa ngumi tatu nne zilizonyooka, na aliyechoka akawa Álvarez. Kwa hiyo mtofautishe mpinzani wako. Wako wanaokwepa kwa miguu, kama hao waliokushinda, na wako wanaokwepa wakiwa palepale, kwa kiuno, shingo na mabega. Pernell Whitaker alipopigana na Julio César Chávez mwezi Septemba 1993 hakukimbia hata kidogo. Alisimama mbele yake, akajishusha, akageuka, akampiga kutoka pembeni, na Chávez aliyekuwa bingwa wa kuwabana watu hakupata cha kubana. Matokeo rasmi yalikuwa sare, na wengi tuliolitazama pambano hilo tunaamini Whitaker alishinda. Kumkatia njia mtu wa aina hiyo hakuna maana kubwa, kwa kuwa hana safari. Yeye anahitaji ngumi za mwili, ngumi nyingi zisizo na nguvu nyingi, na subira ya kutojirusha mbele.

Nimetaja subira, lakini subira ya raundi 15 si ya raundi tatu. Mwaka 1941 Joe Louis alimvumilia Billy Conn kwa raundi 12, akiwa nyuma kwenye karatasi mbili kati ya tatu za pointi, mpaka Conn alipoamua kusimama na kubadilishana ngumi katika raundi ya 13 na kuangushwa. Wewe huna raundi ya 13. Subira yako ni ya ndani ya raundi moja: kutopiga ngumi ukiwa hujafika, kutokimbia ukiwa umechelewa. Ukiona ameshapita, usimkimbilie, rudi kwenye mstari wako kati yake na katikati ya ulingo kwa hatua mbili fupi na uanze kumpunguzia nafasi upya. Itakuuma, na mashabiki watapiga kelele, lakini hatua hizo mbili ndizo zinazokubakishia pumzi ya raundi ya tatu.

Lazima pia ujue majaji wanatazama nini, kwa sababu mabondia wa aina yako hushuka ulingoni wakiamini wameonewa. Ngumi za ridhaa zinahukumiwa kwa mfumo wa pointi 10 kwa kila raundi, na kinachotazamwa ni mapigo safi yenye ubora kwenye eneo halali, ubora wa ufundi na mbinu, na ushindani wa bondia. Kwenda mbele peke yake hakuna pointi. Jaji akikuona unatembea mbele huku jabu zinatua usoni kwako, ataandika kwamba mwenzako ndiye anayeuongoza mchezo, naye atakuwa sahihi. Akikuona unamfikisha kwenye kamba na kila akifika unapiga ngumi mbili safi za mwili na moja ya kichwa, pambano hilohilo linasomeka kinyume chake. Nakusihi pia usimwite mpinzani wa namna hii mwoga, hata moyoni. Anafanya kazi ngumu yenye ufundi wake, na bondia anayemdharau hujirusha.

Kuhusu kukumbatiwa nitasema machache. Usipoteze nguvu kumsukuma. Weka mkono mmoja huru, piga mbavu kwa ngumi fupi halali mpaka refa aamuru kuachana, usiguse mgongo wala kisogo. Refa akishawaachanisha, mpinzani wako atafikiria kupumua, na wewe ufikirie mahali pa kusimama: hatua yako ya kwanza iwe ya kuichukua katikati ya ulingo.

Kukosa ulingo klabuni si kikwazo kikubwa kama unavyodhani. Chukueni chaki au mkaa, pimeni mraba wa mita 6.1 kwenye hiyo saruji, na mkiweza fungeni kamba kwenye nguzo au viti katika pembe zake, ili mgongo wa anayezunguka uhisi mpaka. Chora duara la mita 1.2 kutoka katikati. Zoezi la kwanza halina ngumi kabisa: mwenzako anazunguka apendavyo, wewe unaanzia juu ya duara lako, mikono imeinuliwa, na kazi yako ni kumfikisha kwenye pembe na kumzuia humo kwa kuhesabu hadi tatu bila kumgusa. Mfanye dakika mbili mbili, mkibadilishana, kwa kuwa utajifunza mengi zaidi ukiwa wewe ndiye unayetoroka. Utasikia mwilini mwako ni hatua ipi ya mwenzako inayokutia hofu na ipi inayokufurahisha. Mkizoea, ongezeni jabu ya kifuani peke yake. Baadaye mwenzako aanzie kwenye pembe na atoke kwa kushoto au kulia bila kukuambia, nawe umpokee kwa ngumi nyepesi ya upande huo. Ngumi za kichwa ziache mwisho kabisa na zifanywe kwa glovu kubwa na kwa kiasi. Wanaume wa ngumi za ridhaa wa ngazi ya juu waliondolewa kofia za kujikinga mashindanoni tangu mwaka 2013, na vichwa vyenu vijana hatuna vya akiba. Ujuzi wa kukata njia unafundishika karibu wote bila mtu kupigwa kichwani.

Ukiwa peke yako, fanya kazi ileile kwa kupigana na kivuli. Wengi wakipigana na kivuli husimama mahali pamoja au huenda mbele na nyuma tu. Wewe mweke mpinzani wa kufikirika kwenye kamba, mfanye azunguke kushoto, mkatie njia, mfanye ageuze, piga, rekebisha miguu, mfanye azunguke kulia. Piga begi pia kwa namna hiyo: lisukume liyumbe upande, piga hatua ya mshazari kulikabili, na lipige linapofika mwisho wa kuyumba kwake, wakati linabadili mwelekeo, kwani ni palepale ambapo mpinzani wako anakuwa na uzito wake wote juu ya mguu mmoja.

Anza na zoezi la duara lisilo na ngumi, na usiongeze jingine mpaka uweze kumzuia mwenzako kwenye pembe mara nyingi zaidi ya anavyokutoka. Mwonyeshe kocha wako hesabu ya mita 15 na mita saba na nusu, mzungumze kwa heshima, na mkubaliane kwamba siku ya pambano kona isikuambie "mfuate". Ikuambie upande, "kulia" au "kushoto", kwa sababu yeye aliye nje ya kamba anaona mpinzani anakoelekea kabla yako. Kisha niandikie unieleze, katika hayo mapambano mawili uliyoshindwa, walikuwa wanatoka zaidi upande gani. Ukinijibu hilo nitakuambia ni ngumi ipi ya kuanza nayo.